Marufuku Kuoka kwa Veranda

Wiki jana mliniacha mbele ya namba sita, kufuli mpya kwa mlango, na Anti Carolyne amenishika bega.

"Huu mwandiko naujua," alikuwa amesema.

Wengi wenu mlijua nimekwisha. Hata mimi nilijua nimekwisha.

Lakini Anti hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia karatasi ya sheria iliyobandikwa ukutani na Titus, yule anayetuangalilia ploti.

"Ni mwandiko wa ofisi," akasema. "Angalia hiyo S inavyokunja shingo. Mama Kiilu ameenda mpaka kwa wakili ili anitoe."

Kwa boksi za keki zake mimi huandika herufi kubwa. Kwa karatasi ya Mama Kiilu niliandika za kuunganisha. Ndiyo maana hakunijua.

"Tryphena, mwanangu, wewe ndio msomi wa hii ploti. Nisomee hiyo namba saba. Macho yangu yamejaa."

Yaani nisome kitu nilichoandika mwenyewe! Nikasoma, sauti ikitokea puani.

"Saba. Ni marufuku kuoka kwa veranda. Atakayepatikana atafungiwa nyumba."

"Umesikia?" Titus akasema. "Na jana ulioka. Juzi ukaoka. Mimi sina maneno."

"Titus, mimi naoka kwa hii veranda mwaka wa tatu! Wewe mwenyewe umekula keki yangu mpaka ukaota kitambi!"

"Kitambi ni cha Mungu. Sheria ni ya Mama."

"Fungua nitoe keki tu. Nakuomba. Ni ya harusi ya kesho kule Rukanga. Inatoka hapa alfajiri."

Titus akatikisa kichwa.

Mnajua joto la Voi saa nane mchana? Sasa wekeni keki ya tabaka tatu, imepakwa aisingi juu, ndani ya chumba cha mabati, dirisha limefungwa. Na huyo ni mtu anakula kwa kuoka. Akiharibu harusi moja, habari inamtangulia kila mahali mpaka Mata. Nani atampa oda tena?

Na ukiacha keki, hapo ndani ndio kwake. Kitanda, nguo, picha ya marehemu mama yake. Kila kitu.

"Kwani nimemkosea nini Mama Kiilu?" Anti akauliza. "Mikate yangu inamuuma wapi?"

Titus akajikuna shingo.

"Hata mimi nilishangaa, kusema ukweli. Alisema hii ya kuoka ni kwa sababu ya mbu."

"Mbu?"

"Eti maji inasimama hapa kwa veranda mpaka mbu wanazaliana. Akasema hasa watoto. Watoto ndio wanaoka sana."

"Watoto wa wapi wanaoka, Titus?"

"Mimi sikuuliza. Nilipewa kufuli."

Jamani.

Maji. Mbu. Watoto.

Mama Kiilu hakuwa amekataza kuoka. Alikuwa amekataza kuoga!

Ngoja niwaambie vile ilitokea, haraka, kabla hamjanichukia.

Siku sita kabla ya hapo Mama Kiilu aliniita kwake. Yeye ni Mkamba wa kutoka bara, alikuja Voi zamani, akauza ndengu mpaka akajenga ploti. Hakusoma sana. Akanipa karatasi, akakaa kwa kiti, akaanza kunitajia sheria za wapangaji, mimi naandika.

Sasa, Mama Kiilu hana G. Kwa mdomo wake G inakuwa K. Sigara anaita "sikara." Geti anaita "keti." Mjomba wangu Gibson anaitwa "Kibson" na ameshazoea.

Mimi na ujuaji wangu nikawa namrekebisha kimya kimya. Akisema sikara, naandika sigara. Akisema keti, naandika geti. Nikajiona mwerevu kweli.

Ikafika namba saba. "Ni marufuku kuoka kwa veranda."

Sikara si neno. Keti lake nililielewa. Lakini kuoka ni neno kamili! Nikaandika kuoka.

Nilishtuka kidogo, si kwamba sikushtuka. Nikamfikiria Anti Carolyne. Ningeuliza tu, "Mama, ni kuoka ama ni kuoga?" Sekunde mbili. Lakini niliona haya. Kumuuliza mtu mzima arudie neno ni kama kumwambia hajui kuongea. Nikanyamaza.

Halafu nikamwomba kitu kimoja. "Mama, usiseme ni mimi niliandika."

"Sisemi, mwiitu wanku," akaniambia, yaani binti wangu kwa Kikamba, na akanipa soda.

Soda nilikunywa.

Haya, turudi kwa kufuli.

Anti Carolyne alikuwa ameshatoa simu. Aliyempigia alifika na bodaboda kabla hata sijapata ujasiri wa kufungua mdomo. Ni Kasyoka, mama mmoja mfupi mwenye faili nene, anayesaidia watu kesi za nyumba na mashamba pale karibu na stendi. Akashuka, akaangalia kufuli, akaangalia Titus.

"Nani amefunga?"

"Mimi ni mtumwa tu," Titus akasema.

"Basi tumwa. Kamlete aliyekutuma."

Mama Kiilu akaja na slipa zake na leso kiunoni, anatokwa na jasho. Ploti yote ikatoka nje. Wa namba moja na mwiko mkononi, wa namba nane na povu la sabuni mpaka kwa viwiko.

"Mama, shikamoo," Kasyoka akasema. "Hizi sheria ni zako?"

"Ni zanku. Ploti ni yanku, sheria ni zanku."

"Sawa. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuweka sheria. Lakini si kila sheria. Tupitie?"

"Pitia. Siokopi."

Kasyoka akabandua karatasi. Mimi nikajificha nyuma ya kamba ya nguo, kati ya mashuka mawili.

"Moja. 'Choo kioshwe kwa zamu.' Hii ni nzuri, na nimepita hapo nikanusa, ni nzuri kabisa."

Watu wakacheka.

"Mbili. 'Redio zizimwe saa nne usiku.' Sawa. Tatu. 'Ni marufuku kuvuta sigara kwa koridoo.' Sawa. Nne. 'Mwenye ploti anaweza kuingia nyumba yoyote saa yoyote.' Mama, hapa umeteleza."

"Nimeteleza namna kani? Ni nyumba yanku!"

"Ukuta ni wako. Ukishapangisha, ndani ni kwake mpaka atoke. Unamwambia mapema unakuja kwa sababu gani, halafu unabisha hodi."

"Na bomba ikipasuka?"

"Bomba likipasuka ingia mbio. Lakini si kuja kufunua sufuria uone wanapika nini."

"Mwambie!" wa namba nane akapiga kelele.

"Tano. 'Mpangaji haruhusiwi kuwa na mgeni.' Mama! Mgeni akihamia na godoro, uulizwe. Lakini mgeni wa kikombe cha chai? Hata jela watu wanatembelewa."

Mama Kiilu mwenyewe akacheka kidogo. Nikaanza kupumua. Nikasema, hii itaisha vizuri bila mimi.

Ya sita ilikuwa ya takataka, ikapita.

"Saba," Kasyoka akasema, na sauti ikabadilika. "'Ni marufuku kuoka kwa veranda. Atakayepatikana atafungiwa nyumba.' Mama, huyu alipoingia ulimwambia asioke?"

"Nani?"

"Carolyne."

"Asioke kwa nini? Acha aoke! Keki yake hata mimi nanunuanka Krismasi!"

Watu wakaangaliana.

"Lakini hapa umekataza kuoka," Kasyoka akasema.

"Ndiyo. Nimekataza kuoka."

"Na huyu anaoka."

"Huyo aoke! Sijakataza kuoka! Nimekataza kuoka!"

Wa namba moja akaangusha mwiko.

"Mama, rudia pole pole."

"Kuoka!" Akajisugua kwapa kwa nguvu. "Kuoka na sabuni! Kuthamba! Wanaleta watoto na beseni hapa, maji inasimama, mbu wananiletea malaria!"

"Aaa!" Kasyoka akashika kichwa. "Kuthamba. Kuoga!"

"Si hiyo nasema tanku asubuhi? Kuoka!"

Lo! Kicheko kilicholipuka hapo, kuku walikimbia. Wa namba nane alikaa chini kabisa. Titus alicheka akiwa ameshika ukuta. Mtu nyuma akaita, "Mama Kiilu, leo umeoka ama umeoka?" Mwingine akamjibu, "Ameoka, lakini hajaiva!"

Mimi sikucheka. Nilimwona uso.

Mama Kiilu alikuwa anageuka kuangalia mmoja mmoja. Watu aliowapangisha. Watu aliowapelekea uji wakiwa wagonjwa. Mkono wake ukapanda polepole ukafunika mdomo, kama mtu aliyegundua ana kitu kwenye meno.

"Mnanicheka," akasema. "Kwa ploti yanku."

"Mama, si hivyo," Kasyoka akaanza.

"Ni hivyo. Mimi ni mzee sijui Kiswahili. Sawa." Akavuta leso, akaikaza kiunoni. "Basi sasa nimekataza zote mbili. Ile ya maji na ile ya moto. Hakuna mtu ataoka hapa tena, namna yoyote. Carolyne, utafute nyumba inkine."

Kicheko kikakatika kama redio imetolewa kwa stima.

"Mama Kiilu, mimi sijacheka!" Anti Carolyne akalia. Kweli hakuwa amecheka.

"Kwa ajili yako wamenicheka."

Kasyoka akafunga faili. "Mama, nikuambie kama mtoto wako. Sheria mpya haianzi leo ikamfungia mtu mlango leo. Unampa notisi, imeandikwa, na muda wake. Na kufuli si yako kuweka, hata angekuwa na makosa. Anayeamua mtu atoke ni korti, ikisikia pande zote mbili. Toa kufuli."

"Nipelekeni hiyo korti. Mpaka muende mrudi, keki imekuwa uji."

Na hapo alikuwa amesema ukweli. Sheria ilikuwa ya Anti. Lakini joto lilikuwa la Mama Kiilu.

Kasyoka akainua karatasi juu.

"Basi tuanze na huyu. Ni nani aliandika hii kitu? Maana mtu yeyote mwenye akili angeuliza."

Nikashika shuka. Jina langu lilikuwa linakuja, niliona kabisa linapanda kwa koo la Mama Kiilu. Aligeuka. Aliniona kati ya mashuka, miguu yangu na soksi za shule zinatokea chini.

Angesema tu. "Ni yule." Kicheko chote kingehama kwake kije kwangu.

"Niliandikiwa," Mama Kiilu akasema.

"Na nani?"

"Na mtu. Nilimwahidi sisemi."

Mnaona? Mwanamke amechekwa na ploti nzima kwa kosa langu, na bado ananificha. Kwa ahadi aliyompa msichana na chupa moja ya soda.

Nyinyi mngefanya nini? Msiniambie. Mimi niliwaza kukimbia. Geti lilikuwa wazi, hatua kama kumi na tano. Nilizihesabu.

Kisha nikasikia Anti Carolyne akimnong'oneza Kasyoka, "Niachie tu. Nitampigia bibi harusi nimwambie."

Nikatoka.

"Ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Mimi hata darasani mwalimu huniambia nirudie.

"Ni mimi niliandika!"

Sasa wakasikia wote. Wa namba moja akasema, "Huyu? Huyu mwenye hata salamu anapeana na macho?"

Na hapo ndio nikasema uongo. Uongo wangu wa kwanza mbele ya watu, na sijautubu.

"Mama Kiilu alisema kuoga. Alisema vizuri kabisa, na G yake. Mimi ndio sikusikia. Mimi ndio nimeandika vibaya."

"Wewe?" Titus akatoa macho. "Si ndio juzi ulipewa zawadi ya insha ya Kiswahili?"

"Ni mimi."

"Na hujui kuoka na kuoga?"

"Sijui."

Wakacheka tena. Walicheka mpaka nikahisi masikio yanachemka, kwa muda mrefu kuliko walivyomcheka Mama Kiilu, maana mimi ni mtoto na mtoto huchekwa bila hofu. "Msomi!" wakaniita. "Msomi ameoka!" Najua hilo jina litakaa. Nitaolewa nalo.

Mama Kiilu hakucheka. Aliniangalia sana. Alijua nimedanganya. Alijua na nilijua anajua.

Kisha akainua kidevu.

"Si mmesikia?" akawaambia. "Mimi nilisema kuoka!"

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Titus. Funkua namba sita. Na Carolyne aoke mpaka achoke."

Kufuli ikatoka. Mlango ukafunguliwa, joto likatoka kama la tanuri. Anti akaingia mbio, Kasyoka nyuma yake.

Tukangoja. Hata wa namba nane aliacha kucheka.

"Imelegea upande mmoja," sauti ya Anti ikatoka ndani. "Lakini imesimama. Nitairekebisha."

Watu wakapiga makofi. Kasyoka akatoka anajipepea na faili. Mimi nikasogea mpaka mlangoni, kama kila Ijumaa. Ijumaa ndio siku ya kuandika majina kwa boksi, na kulipwa kingo za keki.

Anti Carolyne akasimama katikati ya mlango.

"Karatasi ilibandikwa lini, Tryphena?"

"Jumatatu, Anti."

"Jumanne ulikuja hapa. Ukakaa kwa hicho kiti. Nikakuambia, hawa watu wananifukuza, sijui nani ananichukia. Ulisema nini?"

Nikakiangalia hicho kiti.

"Nikukumbushe? Ulisema, 'Pole Anti.' Halafu ukaomba kipande kingine."

Hapo hakuna aliyecheka. Ningetamani wacheke.

"Nilidhani ni Mama Kiilu ametaka hivyo," nikasema. "Sikujua nimekosea mpaka leo."

"Sijauliza kukosea. Kila mtu anakosea. Ulijua ni mkono wako, na ukala keki yangu na huo mkono."

Akarudi ndani. Nikasikia kitu kizito kikiburutwa. Godoro likatokea mlangoni, limekunjwa, na Anti chini yake.

"Carolyne, unafanya nini?" Kasyoka akaruka. "Tumeshinda! Unakaa!"

"Nyinyi mmeshinda. Mimi nahama."

"Sheria iko upande wako!"

"Sheria iko. Lakini mimi siwezi kulala ukuta kwa ukuta na mtu anayeniambia pole na ndiye aliyeandika. Leo ni kuoka. Kesho ataandika nini, aje anisaidie kulia?" Akanipita. Kona ya godoro ikanigusa shavu. "Nitapeleka keki, nikirudi sitarudi hapa."

Mama Kiilu akajaribu kumshika. "Mwana wa mama, mimi nimefunkua, nimesamehe!"

"Najua, Mama. Wewe sina shida na wewe."

Akafika kwa geti. Watu wakampisha. Nilitaka kumfuata, nilitaka hata kubeba upande mmoja wa hilo godoro, lakini miguu ilikuwa ya mtu mwingine.

Titus akasimama katikati ya geti, mikono imenyooka.

"Hapana. Godoro halipiti."

"Titus, usinitanie saa hii."

"Sitanii. Soma karatasi. Namba kumi." Akaichukua kwa Kasyoka, akaisoma akifuata kwa kidole. "'Mpangaji haruhusiwi kutoa kitanda wala godoro kwa geti mpaka wapangaji wote wakubali.'"

Kasyoka akampokonya karatasi. Akaisoma mwenyewe, mara mbili.

"Wapangaji wote? Sheria gani hii? Nimefanya hii kazi miaka tisa, sijawahi kuona mwenye nyumba ameandika kitu kama hiki. Mama Kiilu, ni nini hii?"

Mama Kiilu akakunja uso.

"Hiyo siijui."

"Iko kwa karatasi yako."

"Mimi nilisema sheria tisa. Tisa! Halafu nikamwambia mtoto, onkeza moja zifike kumi zipendeze."

Anti Carolyne akateremsha godoro polepole, likasimama kati yake na mimi.

Vichwa vyote vikageuka. Na sasa hakuna kusingizia G wala K, hakuna kusema sikusikia. Namba kumi hakuna mtu alinitajia. Hiyo niliitunga mimi mwenyewe, peke yangu, nikiwa namfikiria mtu mmoja tu, wa ukuta kwa ukuta, ambaye sikutaka ahame hii ploti milele.

"Tryphena," Anti akasema. "Hiyo uliandika ukimwaza nani?"